Kafeini kwa mkimbiaji wa masafa marefu: ni nini hasa?

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya mbio, utawaona pembeni ya uwanja: wawili watatu wamechuchumaa, chupa ya chai iko katikati, kikombe kinapita mkono kwa mkono. Ukiwauliza wanafanya nini watakwambia wanapata nguvu kidogo kabla ya kuanza. Hapo ndipo neno lenyewe linapoanza kueleweka vibaya. Kahawa chungu isiyotiwa sukari haina nguvu ya kuchoma. Nishati yake inakaribia sifuri, na ukiitegemea peke yake ikubebe kilomita 42 utaachwa barabarani mapema. Kilichomo ndani yake ni kafeini, na kafeini si chakula. Ni kemikali inayobadilisha namna ubongo unavyopokea habari za uchovu.

Kemikali hii hutengenezwa na mimea. Mbuni (mti, si ndege), mchai, mkakao na mti wa kola, kila mmoja huiweka kwenye majani au mbegu zake, na huko mojawapo ya kazi zake ni ulinzi: ni chungu, na kwa mdudu ni sumu. Mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge ndiye aliyeitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819. Miaka 8 baadaye mkemia mwingine akapata unga wa namna hiyo kwenye majani ya chai, akauita theini, na watu wakaamini kuwa ni vitu viwili tofauti. Ilipofika 1838 ikathibitishwa kwamba ni kitu kilekile. Kwa hiyo yule anayekwambia "mimi situmii kafeini, nakunywa chai tu" amechelewa karibu karne mbili. Na kwa Wahaya wa Kagera, ambako mgeni hukaribishwa kwa buni za kutafuna, kafeini haihitaji hata kikombe.

Inafanyaje kazi? Seli zinapotumia nishati, miongoni mwa mabaki ya matumizi hayo ni adenosini. Hujikusanya ubongoni tangu unapoamka, na ukifanya kazi ngumu huongezeka. Kwenye seli za neva ina mahali pake pa kukaa, panapoitwa vipokezi. Ikishakaa hapo, neva hupunguza shughuli: macho yanakuwa mazito, miguu inavuta, na mwendo uleule uliokuwa rahisi saa moja iliyopita unaanza kuonekana mkali. Sasa kafeini ina umbo linalofanana na la adenosini, kiasi cha kutosha kukaa palepale, lakini haifanyi ile kazi ya kupunguza mwendo. Chukulia daladala ya jioni. Adenosini ni abiria anayetaka kiti. Kafeini ni mtu aliyerukia dirishani akakiwahi, akakaa, wala hana safari. Kiti kimejaa, kwa hiyo ujumbe wa uchovu haufiki. Uchovu wenyewe haujaenda popote. Abiria bado wako mlangoni, wanaongezeka, na kafeini ikishuka wanaingia wote kwa mkupuo. Ndiyo maana siku uliyoianza kwa kahawa tatu inakuangusha ghafla mchana.

Watafiti wana njia rahisi ya kuliona hili. Humwuliza mkimbiaji, akiwa katikati ya kazi, ataje namba kati ya 6 na 20 kuonyesha anavyoona ugumu: 6 ni kama amekaa kitini, 20 hawezi zaidi. Akiwa na kafeini mwilini, kwa kasi ileile, namba anayoitaja kwa kawaida hushuka. Maumivu ya misuli nayo hupungua kidogo. Moyo wake, mapafu yake na mazoezi aliyofanya ni yaleyale ya jana.

Zamani maelezo yalikuwa mengine. Mwaka 1978 kundi la David Costill, katika Chuo Kikuu cha Ball State huko Indiana, Marekani, liliwapa waendesha baiskeli miligramu 330 za kafeini na kuwaacha wapige pedali hadi washindwe. Walidumu dakika 90 hivi. Bila kafeini walidumu kama 75. Ikasemwa kwamba kafeini huufanya mwili uchome mafuta mapema, ukaiwekea akiba ile sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, yaani glaikojeni. Maelezo hayo yalipendeza na bado utayasikia kwa makocha wengi. Shida ni kwamba kafeini husaidia hata kwenye mbio za dakika 4 au 5, ambako hakuna anayeishiwa na glaikojeni. Katika jaribio moja lililochapishwa 2018, wanaume 13 waliokimbia maili moja baada ya kunywa kahawa walitumia wastani wa dakika 4 na sekunde 35. Walipokunywa kahawa iliyoondolewa kafeini walitumia dakika 4 na sekunde 39. Hapo hakuna hadithi ya mafuta. Ni kichwa na neva.

Kwa mazoezi ya muda mrefu, makadirio ya jumla ya maabara ni nafuu ya asilimia 2 hadi 4. Najua unachofanya sasa hivi: umeshachukua simu, unapiga hesabu ya asilimia 3 ya marathoni yako ya saa 4, unapata dakika 7. Polepole. Huo ni wastani, na ndani ya wastani wamo watu ambao hawakupata kitu na wengine waliovurugikiwa. Tena kuna suala la imani. Mwaka 2006 watafiti waliwapa waendesha baiskeli vidonge visivyo na kafeini hata chembe, wakawaambia kwamba safari hii wana dozi ndogo, safari nyingine dozi kubwa, safari nyingine hawana kitu. Walioamini wana dozi kubwa walipata nguvu zaidi kwa asilimia 3 hivi, walioamini dozi ndogo kwa asilimia 1 na kidogo, na walioambiwa hawana kitu wakashuka chini ya kawaida yao. Kwa hiyo ile chupa ya chai ya alfajiri ina kazi yake hata kabla haijafunguliwa.

Tuje kwenye kiasi, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kiwango ambacho tafiti nyingi hutumia ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, saa moja hivi kabla ya kuanza. Wapo wanaofaidika na 2 tu. Ukifika 9, nafuu haiongezeki, ila mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio kabla yako. Mkimbiaji wa kilo 55 basi anahitaji miligramu 165 kama kianzio. Kikombe cha chai ya rangi kina takriban 40. Chai ya maziwa iliyochemshwa nusu kwa nusu ina pungufu ya hapo, tuseme 25. Gawanya: anahitaji vikombe 6 au 7 vya chai ya maziwa saa moja kabla ya bunduki kulia. Hakuna tumbo la kukimbia na mzigo huo. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja, mililita 240, kina kama 95, kwa hiyo vikombe 2 vinatosha na kubaki. Kopo la soda ya kola la mililita 355 lina 34, na kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 kwa kawaida kina 80.

Kile kikombe kidogo cha muuza kahawa wa mtaani, kinachomiminwa toka kwenye dele na kusindikizwa na kashata, usikitafutie namba. Inategemea buni, inategemea mkono wake, inategemea imekaa juu ya makaa tangu lini. Robusta, ambayo ndiyo nyingi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika inayolimwa Kilimanjaro, na ladha peke yake haitakwambia umekunywa kiasi gani.

Wengi huuliza hapa: mbona Wakenya wanashinda na wao ni watu wa chai? Ni kweli wanainywa. Kule Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, baada ya mazoezi ya asubuhi chai huja kwa sufuria. Lakini itazame hiyo chai: maziwa mengi, sukari nyingi, mkate pembeni. Mtu ametoka kukimbia kilomita 20, anarudisha maji, sukari na protini kwa pamoja. Hicho ni chakula cha kurejesha mwili. Kafeini imepanda lifti tu. Kuinywa chai ya namna hiyo ukidhani umepata siri ya mabingwa, wakati hukukimbia zile 20, ni kunenepa.

Mimi mwenyewe nilijifunza vibaya. Nusu marathoni yangu ya pili, nikiwa na kilo 70 na ujuzi wa kusoma mtandaoni usiku mmoja, nilikunywa vikombe 3 vikubwa vya kahawa nzito bila kula. Mazoezini sikuwahi kuijaribu hata mara moja. Kilomita 5 za kwanza nilipita watu kama mwizi anayekimbizwa. Kilomita ya 8 tumbo likaanza kuongea. Kafeini, na kahawa hasa, huamsha utumbo mpana, na mbio nazo huutikisa. Ukiviunganisha viwili hivyo unahitaji choo, na choo kilikuwa kilomita ya 12. Yaliyotokea katikati nitayaacha. Nilimaliza, kwa muda ambao sikuuandika popote.

Watu pia hatufanani. Ini ndilo linaloivunja kafeini, kwa kimeng'enya ambacho kasi yake hutegemea vinasaba. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini huondoka kwa saa 5 hivi, ila kuna wa haraka zaidi na kuna wa polepole sana. Ujauzito na vidonge vya kupanga uzazi huurefusha muda huo zaidi. Fuata hesabu ya anayekimbia baada ya kazi: miligramu 200 saa kumi jioni, saa tatu usiku 100 bado zimo. Katika utafiti mmoja wa 2013, miligramu 400 zilizomezwa saa 6 kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Mkimbiaji anayejengwa na usingizi hawezi kulipa bei hiyo kila siku. Kwa mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 kwa siku huhesabiwa kuwa salama, kwa mjamzito 200. Ule unga mtupu wa kafeini unaouzwa mitandaoni usiuguse kabisa: kijiko kimoja cha chai ni sawa na vikombe 28 vya kahawa, na umeshaua watu.

Kuhusu sheria, hadi mwisho wa 2003 kafeini ilikuwa na mpaka: mkojo wenye zaidi ya mikrogramu 12 kwa mililita ulikuwa kosa. Tarehe 1 Januari 2004 WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, likaiondoa kwenye orodha ya marufuku. Tangu hapo inaangaliwa tu. Kunywa kahawa yako bila wasiwasi. Usiichanganye na miraa, hata kama kijiweni zote zinaitwa "za kukesha". Miraa haifanyi kazi kwa kafeini. Ina kathinoni na kathini, na zote mbili zimo katika orodha ya vilivyokatazwa siku ya mashindano.

Jambo la mwisho ni muda wa kuitumia ndani ya mbio, ambalo nadhani lina faida kwa watu wa kawaida kuliko dozi kubwa ya alfajiri. Frank Shorter wa Marekani alishinda marathoni ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 kwa saa 2:12:19, na njiani alikuwa akinywa kola iliyotolewa gesi. Miaka 30 baadaye, mwaka 2002, watafiti waliijaribu mbinu hiyo kwa waendesha baiskeli: kola mwishoni mwa kazi ndefu, yenye kafeini kidogo tu, iliwasaidia karibu sawa na dozi kubwa iliyomezwa kabla ya kuanza. Mwilini uchovu umeshajaa, kwa hiyo hata kafeini ndogo ina viti vya kugombania, na sukari ya kuchoma imekuja nayo kwenye chupa ileile.

Siku hizi nami nafanya hivyo. Jioni kabla ya mbio ndefu nafungua soda, naikoroga, naiacha mezani ipoteze gesi, asubuhi naimimina kwenye chupa ndogo ya kiunoni kwa ajili ya kilomita ya 15. Nyumbani wameshachoka kuniuliza ni nani tena kaacha soda wazi usiku kucha.