Mifupa ya Jenerali Wayne haikumwagika njiani

Jumamosi nilimpeleka shemeji yangu, mgeni kutoka Tanga, kuona kaburi la Jenerali Wayne kwenye kanisa la St. David's pale Radnor, nje kidogo ya Philadelphia, Marekani. Hata kioo changu cha kumulikia mawe sijakitoa kwenye mfuko, akaniuliza: "Shem, huyu si ndiye yule ambaye mifupa yake ilimwagika barabarani?" Kaisoma kwenye simu. Swali hilo nimeulizwa na watoto wa shule, na waumini, na watu wazima wanaojiita wapenzi wa historia. Kazi yangu ni kutunza mawe ya makaburi, na leo naandika kwa sababu nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Hadithi inasema mifupa ya Meja Jenerali Anthony Wayne ilidondoka sandukuni njia nzima kutoka mji wa Erie, alikozikwa kwanza, hadi Radnor, na kwamba kila tarehe 1 Januari, siku aliyozaliwa, mzimu wake unapanda farasi kuitafuta kwenye barabara namba 322. Haya, tuiangalie barabara. Mifupa ilisafirishwa mwaka 1809. Barabara kuu za Marekani zilianza kupewa namba hizi mwaka 1926. Tena 322 inatoka Cleveland kwenda Atlantic City, na Erie haifiki. Ni hadithi ya zama za magari, ikabandikwa kwenye msiba wa zama za farasi.

Msiba wenyewe ndio wenye uzito. Wayne alipigana vita vya uhuru wa Marekani pamoja na George Washington. Mwaka 1794, pale Fallen Timbers, aliuvunja muungano wa makabila ya wenyeji na jeshi lake likateketeza mashamba yao ya mahindi, kwa hiyo si kila anayesimama mbele ya kaburi hili anaona shujaa, na ana haki. Alikufa kwa jongo, ugonjwa wa viungo, tarehe 15 Desemba 1796 katika ngome ya Presque Isle, kando ya Ziwa Erie, akazikwa chini ya mlingoti wa bendera kama alivyotaka.

Baada ya miaka 12 na ushei mwanawe, Isaac, akaja kumchukua baba yake awekwe kwenye makaburi ya nyumbani. Alikuja na kigari cha magurudumu mawili, akitegemea kukuta mifupa. Daktari Wallace alipofukua, akakuta mwili bado una nyama, isipokuwa mguu mmoja ulioharibika. Mwili mzima usingeingia kwenye kigari kile. Wallace akaukata, akauchemsha kwenye chungu kikubwa cha chuma, akatenga mifupa. Mifupa ikatiwa sandukuni, ikaenda Radnor. Nyama ilirudishwa kwenye jeneza, pamoja na visu vilivyotumika, na shimo lile lile likafukiwa.

Naelewa anayeshtuka. Sisi tumelelewa kwamba maiti haivunjwi mfupa na kaburi halichezewi. Lakini wanaoliita jambo hili "uchawi" siwakubali. Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alipofia Tunis mwaka 1270, alichemshwa vivyo hivyo ili mifupa irudi kwao. Jambo lilikuwa la kawaida kwa wakubwa waliofia mbali, hadi Papa Boniface wa 8 akalipiga marufuku mwaka 1299. Na sisi wa pwani tunawajua Susi na Chuma, watumishi wa mvumbuzi Livingstone: walizika moyo wake kijijini kwa Chifu Chitambo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufikisha Bagamoyo. Mtu mmoja, makaburi mawili, na hakuna anayewaita Susi na Chuma wachawi. Isaac mwenyewe baadaye alijuta, akasema angejua hali ya mwili angemwacha baba yake alipo. Huyo ni mtoto aliyeumia, na hadithi ya mzimu inamfanya mzembe aliyeshindwa kufunga sanduku.

Kitu kimoja kinanitia shaka katika masimulizi ya Erie: kwamba mwili ulikuwa kama wa jana. Udongo wa baridi huhifadhi, hilo nalijua. Lakini sifa hiyo imepita midomo mingi, na kila mdomo unaongeza uzima kidogo. Mimi huishia kwenye "bado una nyama".

Sasa jiwe la hapa Radnor. Lina tarehe 4 Julai 1809, na watu huondoka wakidhani ndiyo siku aliyokufa. Hapana, ni tarehe ya kumbukumbu iliyowekwa na maofisa wenzake wa Chama cha Cincinnati cha Pennsylvania, chama cha maofisa waliopigana vita vya uhuru. Na tafadhali msisugue chaki wala brashi ya waya ili herufi zionekane, mnakula jiwe. Tumia kioo, mulika jua litambae kutoka pembeni, na kila herufi itajitokeza kwa kivuli chake.

Mkisoma hivyo mtaona jiwe halisemi kwamba mwili wake umelala hapa. Linasema mabaki yake yamewekwa hapa. Aliyechagua neno hilo alikuwa mkweli. Na mwaka 1878, pale Erie, Daktari Germer alilipata shimo la kwanza, na ndani yake kifuniko cha jeneza chenye herufi A.W. zilizopangwa kwa misumari ya shaba.

"Basi kaburi lake ni lipi?" shemeji akauliza.

"Yote mawili, shem."

Akanyamaza. Kisha akaniomba kioo, akapiga magoti kwenye majani, akaanza kulisoma jiwe herufi kwa herufi.