Stima ikikatika usiku: kuisoma logi kwa journalctl na kutoka salama

Wenye seva ndogo hapa Lamu, iwe ni nyumba ya wageni kule Shela au duka la Mkomani, huamka na swali moja: mashine ilizimwa na nini? Kwenye Linux yenye systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine), jibu hutafutwa kwa journalctl, amri ya kusoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine. Vijana wengi wanaijua amri, ila wakishaingia hawajui pa kutokea, wanafunga dirisha zima.

Usiandike journalctl peke yake, utamwagiwa logi tangu mstari wa zamani kabisa. Andika sudo journalctl -b -1 -e. Hiyo sudo inakupa ruhusa ya msimamizi, -b -1 ni kipindi kilichotangulia mashine kuwashwa mara hii, na -e inakushusha hadi mwisho wake. Ukiambiwa hakuna kipindi cha nyuma, huenda folda ya /var/log/journal haipo, na logi inakaa kwenye memori tu. Iunde, kisha uanzishe upya systemd-journald (au journald kwa kifupi), huduma inayoandika logi.

Pale mwishoni soma taratibu. Mashine iliyozimwa kwa utaratibu huaga: huduma husimamishwa moja moja, mistari ya "Stopped" ikifuatana. Mtu akibonyeza kitufe cha kuzimia, mara nyingi utakuta "Power key pressed". Umeme ukipotea ghafla hakuna kuaga. Unakuta cron, programu ya kazi za ratiba, imefanya kazi yake ya kila saa, basi, kimya. Kisha fungua sudo journalctl -b -u systemd-journald, na huenda ukaona "corrupted or uncleanly shut down, renaming and replacing". Diski haijafa, ni faili ya logi tu haikufungwa vizuri.

Tahadhari na saa. Kwa kawaida journald huhakikisha maandishi yamefika diskini kila baada ya dakika 5, isipokuwa ujumbe wa ngazi ya crit (hatari) na zilizo kali zaidi, ambao haungoji. Kwa hiyo dakika za mwisho zinaweza kupotea. Tena plagi ikichomolewa, logi hukatika vilevile kama stima ilivyokatika. Usimsingizie mlinzi wa zamu kwa mstari mmoja.

Sasa kutoka. Matokeo marefu hufunguliwa ndani ya less, programu ya kusomea maandishi ukurasa kwa ukurasa: bonyeza q, umetoka. Mstari ukikatwa upande wa kulia, tumia mshale wa kulia. Kutafuta neno, anza na alama ya /. Lakini ukiendesha journalctl -f, mistari mipya hushuka yenyewe na q haisaidii kitu. Hapo ni Ctrl+C. Usiogope, unaacha kusoma tu. Seva iko kazini na journald inaendelea kuandika.

Ctrl+Z ndiyo inayowahadaa watu. Unarudishiwa mahali pa kuandika amri, unadhani umetoka, kumbe programu imesitishwa inakungoja. Andika jobs utaiona, kisha fg uirudishe na uitoke ipasavyo.

Na ukitaka kunitumia logi, tafadhali usiipige picha kwa simu. Andika sudo journalctl -b -1 --no-pager > usiku.txt, itajaza faili na kutoka yenyewe. Ipitie kwanza uondoe majina ya watumiaji na anwani za wateja, ndipo utume.