Kofia ya jino ya muda: plastiki, ndiyo, lakini si zote sawa

Ukikaa benchi la kusubiri daktari wa meno pale Ngamiani, Tanga, hukosi kuisikia: "Hii ya muda ni plastiki tu, zote sawa." Wanasema kofia ya muda, ile inayolivika jino lililochongwa hadi ya kudumu iwe tayari. Kauli ya siku nyingi, na nusu yake ni kweli. Nyingi ni za plastiki, hasa akriliki. Ila nguvu hutegemea sana jinsi ilivyotengenezwa.

Inayotengenezwa kwa mkono mara nyingi huanza na unga na maji yake maalumu, vikakorogwa kibakulini. Hapo ndipo hewa inapopenya. Itazame iliyovunjika kwenye mwanga: mara nyingi utaona vitundu kama vya mkate wa kumimina, na ufa hupenda kuanzia hapo.

Ya kuchongwa na mashine hutoka kwenye kipande kilichogandishwa kiwandani kwa joto na mgandamizo mkubwa, kwa hiyo vitundu ni vichache mno. Kwenye vipimo vya maabara, kwa kawaida huishinda ya mkono. Ya printa ya 3D siwezi kuihukumu kwa jumla. Hujengwa tabaka juu ya tabaka, na nguvu yake hubadilika kwa aina ya resini (plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga), mwelekeo wa matabaka na muda iliokomazwa kwenye mwanga.

Ya mkono haijapitwa, lakini. Kwa wiki mbili tatu, ikiwa nene vya kutosha, inafaa kabisa. Na ikichomoka ukitafuna kashata, usiseme imevunjika: gundi yake ni dhaifu kwa makusudi, ili daktari aitoe bila kuliumiza jino. Ihifadhi, umrudishie.