Uvimbe wa ubongo: ya kwenye simu tuyasome vipi?

Swali: Mamangu amepatikana na uvimbe kwa ubongo. Nakesha na simu na kila ukurasa una lake, nishike upi?

Jibu: Pole sana. Kwanza chukua ripoti ya bayopsi, kile kipande cha uvimbe kilichokatwa kikapimwa, uangalie jina kamili na gredi, yaani ukali wake, 1 mpaka 4. Aina za uvimbe wa ubongo zapita mia, ukiandika tu "kansa ya ubongo" utaletewa ugonjwa wa mtu mwengine. Halafu tazama tarehe, maana 2021 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mpangilio wa majina, na kuna uvimbe ulioitwa glioblastoma (aina kali inayokua haraka) zamani ambao leo una jina jengine.

Swali: Yeye ni hiyo glioblastoma. Nimesoma ataishi miezi 15 tu.

Jibu: Sio "ataishi", wala sio "tu". Namba hiyo yatoka utafiti wa 2005, waliopata mionzi na vidonge vya kansa vya temozolomide: ukiwapanga mstari, wa katikati aliishi miezi 14.6. Nusu walipita hapo, na miaka miwili baadaye zaidi ya robo walikuwa hai bado. Ukurasa unaokutupia 15 bila kueleza hivyo, saa nane ya usiku, wakuumiza bure.

Swali: Kwenye grupu la familia wametuma ati majani ya mstafeli yamaliza kansa.

Jibu: Yaliyofanyiwa majaribio ni seli kwenye vyombo vya maabara, hakuna utafiti ulioonyesha yameponya mtu uvimbe wa ubongo. Tena huko Guadeloupe, Karibi, mwaka 1999 watafiti waliwaona watu wenye mwili kukakamaa kama ugonjwa wa Parkinson na wengi walikuwa watumiaji wa tunda hili na chai ya majani yake. Stafeli moja ya soko la Kongowea akitamani ale, mimi nasemea sufuria linalochemka kila asubuhi.

Swali: Wasema pia tumwachishe deksamethasone, imemvimbisha uso.

Jibu: La, tafadhali! Uso kweli huvimba, lakini dawa hiyo ndiyo yapunguza maji yanayobana ubongo, na mwili ukishaizoea huacha kutengeneza homoni yake, ukiikata ghafla, kuumwa na kichwa na kutapika vyaweza kurudi na mgonjwa akazidiwa vibaya. Hupunguzwa pole pole, na daktari. Hiyo meseji ipige skrinshoti, siku ya kliniki mwonyeshe umuulize, "hii yamhusu mamangu?"