Chai ya rangi haijatiwa rangi jamani

Juzi kwenye kosta ya Mafinga kwenda Makambako dada mmoja alikuwa anamwambia mwenzie eti siku hizi chai ya rangi hanywi, viwandani wanatia rangi, na ndo maana ikaitwa chai ya rangi. Watu wakaitikia "kweli kabisa", na wengi humo tumekulia Mufindi, mama zetu wamechuma chai. Niliumia kidogo.

Jina hilo ni la kuitofautisha na chai ya maziwa, basi. Rangi inatoka kwenye jani lenyewe. Mchumaji anachukua majani mawili na chipukizi lake, yanapimwa, gari linayawahisha kiwandani kwa sababu yakibanana sana kwenye magunia yanapata joto na kuharibika kabla ya wakati. Kule yanatandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zinapuliza upepo kwa chini mpaka yanyauke, mara nyingi usiku mzima. Usione ni kupoteza muda, jani lisiponyauka halipondeki vizuri. Halafu linapita kwenye rola za meno zinazozunguka kwa spidi tofauti, linasagika, linachanika, linajikunja, na hapo bado ni la kijani! Ndo linaachwa lipate hewa, saa moja mpaka mbili hivi, na ukisimama pale unaona kwa macho kijani inageuka kahawia kama shaba, ile harufu ya nyasi mbichi inaondoka inaanza kuja harufu ya chai.

Kwa nini inageuka? Kata parachichi la Rungwe au kiazi cha Uporoto uache mezani, urudi baadae. Si limekuwa kahawia? Nani kalitia rangi? Ni kimeng'enya kilichomo ndani, ukilijeruhi kinakutana na hewa kinaanza kazi, na kwenye chai ni hivyo hivyo. Wakiona inatosha wanaikimbiza kwenye draya, hewa ya moto inayozidi nyuzi 100, kimeng'enya kinakufa na maji yanabaki kama asilimia 3 tu. Kilo nne na ushee za majani mabichi zinakupa kilo moja ya majani makavu, kwa hiyo ukiona mama kabeba kapu limejaa usidhani ni chai ya mwaka mzima ile.

Kuna wanaosema majani yanaanikwa juani kisha yanatwangwa. Hapana, nimeshasema. Wengine wanakwambia ukiweka majani kwenye maji ya baridi yakatoa rangi ujue ni feki. Chai nzuri kabisa nayo inatoa rangi kwenye maji ya baridi, ni taratibu tu.

Hii nyingine inatokana na mafundi wenyewe, maana ile hatua ya kupata hewa wanaiita "fementesheni", mtu akisikia anadhani chai inachachuliwa kama pombe. Kuchacha kwenyewe nenda Iringa msimu wa ulanzi ukaone: asubuhi unagemwa kwenye mwanzi ni mtamu, watoto wanakunywa, ukikaa hamira za asili zinakula ile sukari mpaka unakuwa mkangafu, yaani mkali wa kulewesha, na mzee mzima anaimba njiani. Kwenye chai hakuna hamira wala kilevi, ni jani na hewa.

Chai ya kijani nayo watu wanaamini ni mti tofauti, wa China huko, unaopunguza kitambi. Mti ni ule ule! Tofauti ni kwamba jani likishachumwa linapigwa mvuke au linakaangwa mapema, kimeng'enya kinauawa kabla hakijafanya kitu, ndo linabaki kijani. Na kafeini imo vile vile. Habari za kitambi mimi simo.

Na mti wenyewe wala sio wa mababu zetu, Wajerumani waliuleta, Kyimbila kule Rungwe ulipandwa 1904.

Sasa inayoniuma kuliko zote: eti yale majani madogo madogo ya "dasti" ni mafagio ya sakafuni, wakubwa wamepeleka nzuri nje sisi tumeachiwa uchafu. Chai ikitoka kwenye draya inapita kwenye machujio, punje zinatengwa kwa ukubwa, kubwa kivyake na ndogo kivyake, na dasti ni ile punje ndogo kuliko zote. Jani ni lile lile, tena punje ndogo inakolea haraka na kutoa chai nzito, ndo maana inafaa kwa maziwa na inajazwa kwenye vile vifuko vya kamba ambavyo mtu akienda hotelini anajiona kapata ya kizungu.

Nikamwelezea yule dada yote haya, tukafika Nyororo ananiangalia tu. Akashusha mzigo, akageuka: "Kwa hiyo kaka, ile paketi niliyomwaga kwa kuku?"