Je, wajua? Si kila tini ina nyigu ndani

Ramadhani moja tulifuturu barazani kwa jirani, Mikindani. Mkekani palikuwa na uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, tambi, na sahani ya tini kavu za Uturuki alizoleta kijana wa nyumba ile kutoka Dar es Salaam. Mimi kwa ujuaji wangu nilisubiri mzee mmoja atie tini mdomoni, ndipo nikasema: "Shehe, unajua kwamba kila tini ina nyigu aliyekufa ndani?" Baraza zima likanyamaza. Mzee akatafuna taratibu, akameza, akasema, "Mwanangu, jambo kama hilo husemwa kabla ya adhana." Bibi mwenye nyumba akairudisha yake sahanini.

Nilikuwa nimesoma jambo hilo mahali, nikalibeba kama lilivyo. Wakati huohuo nilikuwa na mitini mitatu uani, kila mmoja kwenye ndoo ya lita ishirini iliyotobolewa chini, na nilishaanza kujiuliza kama itazaa kweli, maana huyo nyigu wa kuichavusha angetoka wapi? Miezi michache baadaye yote mitatu ikazaa. Nikapasua tini, nikachungulia, nikapasua nyingine. Hakuna nyigu. Basi nililosema barazani lilikuwa uongo? Si uongo mtupu, na hapo ndipo panapokera: kwa zile tini za Uturuki nilikuwa karibu na ukweli, ila kwa zangu za kwenye ndoo nilikuwa mbali kabisa.

Mtini wenyewe hauhitaji utambulisho mrefu. Qurani ina sura iliyopewa jina lake, ya 95, na Biblia inautaja tangu Adamu na Hawa waliposhona majani yake. Asili yake ni Asia Magharibi na pwani za Mediterania. Ni ndugu wa mkuyu wetu, na ukoo huo una spishi zaidi ya 700 duniani.

Ajabu inaanzia kwenye swali ambalo wengi hatujawahi kuuliza: umewahi kuona ua la mtini? Mwembe unachanua, mkorosho unachanua mpaka shamba zima linanukia. Mtini hutoa jani, na pembeni ya jani kinachomoza kijitufe cha kijani ambacho tayari kinaonekana kama tunda. Hatua ya ua imeruka wapi?

Haikuruka. Chukua kichwa cha alizeti. Lile duara tunaloliita ua kwa kweli ni mamia ya maua madogo yaliyopangwa kwenye kitako kimoja. Sasa fikiria kitako hicho ni laini kama unga wa chapati, ukakikunja kingo zake kuelekea juu mpaka zikutane na kufunga kama mdomo wa kifuko, maua yote yakabaki ndani gizani. Pale kingo zinapokutana pamebaki kitobo. Hiyo ndiyo tini. Ukiipasua, nyuzinyuzi zote nyekundu au za rangi ya asali unazoziona ni maua, na kile kitobo cha chini ndicho jicho lake.

Watu wa Mtwara na Lindi hatuna sababu ya kushangaa sana, kwa kuwa tumekulia chini ya mti mwingine wenye hila kama hizo. Bibo tunalikamua na kulila kama tunda, lakini kwa wataalamu wa mimea tunda halisi ni korosho inayoning'inia chini yake. Bibo ni kikonyo kilichovimba. Mkorosho umetoa tunda lake nje likaning'inia peupe. Mtini umefanya kinyume: umeficha matunda yake ndani ya kikonyo kilichovimba, na matunda hayo ni zile punje tunazoziita mbegu. Kwa hiyo anayekula tini moja amekula matunda mamia.

Sasa ua lililofungiwa ndani litapata wapi chavua? Upepo hauingii, nyuki hapenyi. Anayepenya ni nyigu mdogo wa milimita mbili hivi, mdogo kuliko sisimizi wengi, na ni jike tu. Kile kitobo kimezibwa na vijigamba vinavyopandana kuelekea ndani. Aliyewahi kuona dema la kuvulia samaki ameshaelewa: mdomo wake umetengenezwa ili samaki aingie kwa kujikunja, akishaingia asione njia ya kurudi. Nyigu hujisukuma kati ya vile vijigamba mpaka mbawa zinakatika. Anafika ndani bila mbawa, mwilini ana chavua ya tini alikozaliwa, na hatoki tena.

Anachotafuta mle si asali. Anatafuta pa kutagia, na hapa mitini imegawanyika. Kuna mitini dume, isiyoliwa, na mitini jike, ambayo ndiyo tunayoila. Ili kutaga, nyigu huingiza mrija wake kupitia shingo ya ua mpaka kwenye kifuko cha mbegu. Mfikirie mtu aliyefika kisimani na ndoo yake na kamba. Katika mtini dume visima ni vifupi: kamba inafika, yai linatagwa, kizazi kipya kinakulia humo. Katika mtini jike visima ni virefu. Anateremsha, kamba haifiki; anahamia ua la pili, haifiki; la tatu vilevile. Katika kuhangaika huko anayapaka maua yote chavua, kisha anakufa bila kuacha mtoto. Mti umepata mbegu, yeye hakupata kitu. Kwa nini basi haikwepi tini jike? Kwa sababu harufu ya tini jike inafanana mno na ya dume. Nyigu anayesubiri kuitofautisha huenda asipate pa kuingia kabisa, na maisha yake ya utu uzima hayazidi siku moja au mbili.

Huyo ndiye nyigu niliyemtangaza barazani. Yupo. Kosa langu lilikuwa neno "kila".

Mitini jike nayo ina makundi. Kuna kundi linaloitwa Smyrna, kwa jina la kale la mji wa Izmir, Uturuki. Hili bila nyigu halizai: tini changa hunyauka na kudondoka. Tini kavu nyingi za Uturuki ni za kundi hili, kwa hiyo ile sahani ya futari yawezekana kabisa ilikuwa imetembelewa na nyigu. Kundi la pili ni mitini ya kawaida, ambayo tini zake huvimba na kuiva bila chavua yoyote. Ukiona hilo ni la ajabu, kumbuka ndizi: tunakula kila siku tunda lisilo na mbegu na hakuna anayeuliza nani alichavusha. (Lipo kundi la tatu linalochanganya tabia hizo mbili kwa misimu, tuliache.) Aina zinazopandwa majumbani, kama Brown Turkey, Black Mission na Kadota, zote ni za kundi la pili.

Na hata kwenye tini ya Smyrna, zile punje zinazolia chini ya meno si mifupa ya mdudu. Ni mbegu. Mara nyingi husemwa kwamba tini "humeng'enya" nyigu wote akaisha, kwa kuwa utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho fisini. Hapa ningeenda polepole. Fisini huvunja protini, hilo ni kweli, lakini ganda la mdudu si protini peke yake. Mabaki hulainika na kusagika kiasi cha kutoonekana. Kusema yametoweka kabisa ni kuongeza chumvi.

Kuna watu waliowahi kukosea kuliko mimi, tena kwa gharama. Katika miaka ya 1880 wakulima wa California walileta vijiti vya mitini ya Smyrna. Miti ikastawi, tini zikatoka, zikadondoka zote, mwaka baada ya mwaka. Waliambiwa kwamba kule Uturuki wakulima hutundika tini za mwitu kwenye matawi ya mitini yao, na wengi wakaona huo ni ushirikina. Zile tini za mwitu zilikuwa ndizo za mitini dume, zimejaa nyigu. Mwaka 1899 nyigu hao walifanikiwa kuishi na kuzaliana eneo la Fresno, na Smyrna ya California ikapata jina jipya, Calimyrna.

Kwa upande wa pili, mitini isiyohitaji nyigu inaweza kuwa miongoni mwa mimea ya kwanza kabisa kupandwa na binadamu. Mwaka 2006 watafiti walieleza tini zilizokauka, za miaka kama 11,400 iliyopita, kutoka Gilgal katika bonde la Yordani, wakasema ni za aina isiyochavushwa, basi lazima mtu alipanda vijiti. Wenzao wakawajibu kwamba mtini wa mwituni nao huweza kutoa tini za namna hiyo wenyewe. Ubishi huo una haki pande zote mbili, nami sitauamua kutoka Mikindani.

Mkuyu je? Hapa ndipo ujuaji wangu ungepata pa kusimama. Mkuyu haugawanyiki dume na jike. Kila kuyu lina visima virefu na vifupi humohumo, kwa hiyo nyigu huzaliwa ndani ya kuyu hilohilo unalolila. Nyigu wake si yule wa mtini: kwa kawaida kila spishi ina wake, ingawa kanuni hiyo ina mapengo, na zipo spishi zenye zaidi ya mmoja. Niliokota makuyu chini ya mkuyu mmoja njia ya kwenda Lindi, nikapasua moja ambalo halijalainika vizuri. Vidudu vyeusi vikatoka vikitembea juu ya kisu, vikapanda kidole gumba. Si wote walikuwa wachavushaji, maana humo huwamo na wadandiaji, wanaotaga bila kubeba chavua. Madume hayaruki. Hayana mbawa, kazi yao ni kupanda majike na kutoboa tundu la kuwatolea, kisha hufa. Watoto wanaokula makuyu hawajawahi kulalamika.

Turudi uani. Mchanga wetu wa pwani ni hatari kwa mtini kwa sababu ya minyoo fundo inayovimbisha mizizi, ndiyo maana nilichagua ndoo zenye udongo uliochanganywa samadi iliyooza. Kijiti cha unene wa kidole, urefu wa shubiri, kilichozikwa nusu yake, huchipua bila kubembelezwa. Utomvu usikuguse ukiwa juani: unaunguza ngozi, na aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua uchungu wa namna hiyo. Masika yakikolea majani hupata kutu na tini hupasuka na kuchacha. Tini nzuri ni za wakati wa kusi, mvua zikishakatika.

Subira ndiyo ngumu. Tini iliyochumwa bichi haitaiva kabatini kama embe. Unasubiri mpaka shingo ilegee, iiname, ngozi ipate mistari midogo, na kwenye jicho pachungulie tone kama la asali. Kabla ya hapo ina ladha ya tango lililolala. Siku mbili baadaye ni ya popo. Wakulima wa Mediterania hupaka jicho tone la mafuta ya zeituni ili kuharakisha. Nilijaribu kwa mafuta ya nazi kwenye tini mbili: moja ilivimba siku ya tano, nyingine ikadondoka. Huo si utafiti.

Ndoo ya kwanza iliandikwa Brown Turkey kwa makapeni, nami naliamini jina hilo nusunusu, kwa sababu vijiti hubadilishwa majina njiani kama watu. Utamu wake ni mpole. Kadota ina ganda la kijani linaloelekea njano, ndani rangi ya kaharabu, na utamu wa asali tupu usio na kona. Black Mission ni nyeusi yenye zambarau, nyama ya waridi, na ndiyo pekee kati ya tatu iliyonifanya nilambe kisu. Lakini mbegu za zote tatu ni maganda matupu, kwani hazikuchavushwa. Smyrna ina mbegu zenye kiini, na ukizitafuna hutoa ladha ya karanga. Zikoroge kwenye glasi ya maji utaona tofauti: zenye kiini huzama, tupu nyingi huelea.

Ramadhani iliyofuata nilipeleka barazani sahani ya tini mbichi za ndoo, nikaeleza yote haya kabla ya adhana, kama nilivyofundwa. Bibi akaonja Kadota moja, akasema ni tamu ila imelala. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya pili, akachukua ya Uturuki. Alitaka ile inayolia.