Mzee kaanza kupata nafuu, "dawa aache tu"? Dhana potofu kuhusu steroidi na tezi za adrenali

Tuanze na ile inayowapeleka wazee emajensi: "Bibi haumwi tena, hizo prednisoloni aache, zitamharibu mwili." Jamani, hapana. Prednisoloni ni vidonge vya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa viungo. Juu ya kila figo kuna katezi kadogo kanaitwa adrenali (haka hakahusiani na mkojo, kwa hiyo vipimo vya figo kuwa safi havikuambii kitu hapa), ndo kanatengeneza kortisoli, homoni inayozuia presha na sukari zisishuke ovyo hasa mtu akiwa na homa au akifanyiwa operesheni. Prednisoloni inafanya kazi ya kortisoli, ubongo ukiona ipo ya kutosha unaacha kuziamrisha adrenali, nazo zinalala. Mwili wenyewe kwa siku unatengeneza kiasi kama cha miligramu 5 za prednisoloni hivi, sasa mzee wa baridi yabisi, au wa polimialjia ile inayokakamaza mabega na nyonga asubuhi, anaweza kuanzishiwa 15 akakaa nazo miezi. Akishapita wiki 3 au 4 halafu akate ghafla, kortisoli ya kidonge hana na ya kwake hana. Zinapunguzwa kidogo kidogo kwa mpango wa daktari, na ukifika chini ya 5 ndo mwendo unakuwa wa pole zaidi.

"Kuchoka ni uzee." Huenda. Lakini mzee aliyetumia steroidi akichoka kupita kiasi, hamu ya kula hana, anapungua, kizunguzungu kila akisimama, muulizeni daktari kuhusu kipimo cha kortisoli. Damu inatolewa asubuhi, saa 2 au 3, maana ndo muda inakuwa juu, ukienda jioni majibu yatawachanganya tu. Shida ni kwamba kortisoli ikipungua viungo vinaweza kuuma pia, kila mtu akadhani ugonjwa umerudi.

"Uvimbe wa viungo ukizidi mwili unamwaga kortisoli nyingi, unajitibu." Nusu kweli. Wengi wenye baridi yabisi hukutwa na kortisoli ya kawaida, na kwa uvimbe walionao hiyo kawaida ni ndogo. Homoni nyingine ya adrenali, DHEA, yenyewe inashuka na umri, kwenye miaka ya 70 imebaki sehemu ndogo tu ya ile ya ujanani, ila hiyo siyo ruhusa ya kumnunulia mzee vidonge vya DHEA mtandaoni.

"Mimi natumia dawa ya asili, steroidi sijawahi." Una uhakika? Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kuhusu Artri King, inauzwa kama virutubisho vya viungo, ndani wakakuta deksamethasoni, steroidi kali kabisa, na diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye lebo kimya. Dawa ya "asili" inayoondoa maumivu ya miaka ndani ya siku 2 mimi naiogopa. Na sindano za steroidi za goti zikirudiwarudiwa nazo zinahesabika, watu huwa wanazisahau kumtajia daktari.

"Akipata malaria apunguze steroidi, zisigongane na dawa za malaria." Kinyume chake! Akiwa na homa kali dozi mara nyingi inaongezwa kwa siku chache, muulizeni daktari mapema kabla hajaugua. Akitapika vidonge visikae tumboni, msingoje asubuhi, hospitali moja kwa moja na mlangoni mseme anatumia steroidi, atahitaji haidrokotisoni (kortisoli ya dawa) ya sindano.